Majembe Arobaini na Moja ya Ilolelo

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu hiki nimepewa bure na serikali, kwa hiyo nitakiandika nitakavyo. Jalada la kijani, muhuri wa Bodi ya Wananchi ya Kujitolea, na pembeni mwa kila ukurasa kuna kisanduku: SAA NILIZOJITOLEA LEO. Leo: sifuri. Nimefunga Ramadhani, mvua inanyesha tangu alfajiri, na nina magauni tisa ya Idi ambayo wenyewe wanayataka yote siku moja.

Nijieleze, maana kitabu kikipotea atakayekiokota asidhani ni cha mtu mwingine. Mimi ni Biubwa, fundi cherehani wa Makandana, mjane, mama wa Lulu. Babu yangu alipanda huku kutoka Kilwa na mzigo wa nguo, akaonja ndizi za Tukuyu, hakurudi tena. Mwezi uliopita nimeteuliwa katibu wa Bodi. Walimtaka mtu mwenye mwandiko mzuri, walimtaka mwanamke, na walimtaka Mwislamu. Wakaona wakinichukua mimi wamemaliza kazi mara moja.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha kwanza. Mratibu wetu anaitwa Erasto, kijana mwenye viatu visafi katika mji huu wa matope. Sijui anapita wapi. Anaongea vizuri. "Mama Lulu," aliniambia, "kujitolea ni desturi yetu tangu zamani. Sisi tunaiwekea utaratibu tu." Nilimpenda, nisiseme uongo. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu Emmanuel, alisinzia mara mbili.

Tumechagua kijiji cha mfano: Ilolelo, kule chini upande wa Masoko. Wananchi watachimba barabara ya kilomita mbili kwa majembe yao, na wageni kutoka mkoani watakuja kuona. Mimi nitashona vizibao vya kijani mia moja. Vikipendeza nitapewa tenda ya wilaya nzima.

Saa: mbili, moja ikiwa ya kumsubiri Mwenyekiti.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda Ilolelo kupima watu mabega. Mtendaji wa kijiji, Meshaki, alinipangia viti chini ya paa la ofisi yake. Ni mtu mwembamba, mwenye daftari kubwa kuliko kifua chake. Kila anachokiona anakiandika.

Yupo mama mmoja huko, Tupokigwe, mjane kama mimi. Ukimwuliza jina anakujibu kwa sauti ya kuita watu wa kilima cha pili. Nilimsalimia kwa Kinyakyusa changu kibovu, "Ugonile," akaitikia "Ndaga," kisha akashika kitambaa changu na kukivuta. "Hiki cha kazi gani? Jembe nalishika kwa kifua?" Nikamwambia ni cha picha. "Basi nishonee kikubwa," akasema, "nikimaliza picha nimbebee mjukuu."

Kuna nyumba moja ng'ambo ya kijito, mlango umefungwa. Nilipouliza kama wa kule naye nimpime, watu walicheka. "Ezron? Huyo usimpime, mama. Haendi kwa mtu. Hata msibani haendi." Nilimwona baadaye akipita na mkungu wa ndizi kichwani. Nilimsalimia, hakuitikia.

Saa: tano. Tupokigwe kanichosha.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya Ilolelo imeahirishwa kwa ajili ya mvua. Nguo hazikauki. Nimepiga pasi vizibao vya watu wasiovitaka.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Magauni tisa yote yamevaliwa, moja limebana. Si kosa langu, mwenyewe kanenepa kwenye futari.

Alhamisi, 3 Aprili

Tarehe mpya: 10 Aprili. Wageni wamethibitisha. Erasto amesema hakuna kuahirisha tena hata mbingu zishuke. Huku Rungwe mwezi wa nne asiseme hivyo.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika nikiwa na moshi wa kuni nywele nzima, na lazima niandike leo leo kabla hawajaniambia mambo yalikuwa mengine.

Saa moja asubuhi tulishafika Ilolelo na pikapu ya Bodi: turubai, viti thelathini, spika, magunia yangu mawili ya vizibao. Mvua ilikuwa imepumzika. Watu walikuwa wanapanda njia ya migombani, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na jembe lake begani. Niwe mkweli, nilifurahi. Nilimwambia Erasto, "Umewapata." Naye akatabasamu.

Ndipo kengele ya kanisa ikalia. Si ile ya ibada. Hii ni ya pigo moja, unangoja, pigo moja. Watu wote walisimama pale pale walipokuwa. Akaja mama mmoja anakimbia, akasema Ezron amekutwa amekufa kitandani.

Kwa asiyejua: Ilolelo mtu akifa, ardhi haiguswi mpaka azikwe. Hakuna shamba, hakuna mtaro, hakuna barabara. Udongo unaochimbwa siku hiyo ni wa kaburi tu. Lakini wana desturi nyingine, nayo ni kali: mtu asiyezika wenzake, siku yake wanawaachia ndugu zake wamzike wenyewe. Na Ezron alikuwa na dada mmoja tu, bibi wa miaka themanini.

Kwa hiyo watu walibaki wanatazamana. Erasto aliwahi. Alipanda juu ya kiti akasema kwa spika kwamba marehemu, kwa taarifa aliyonayo, hakuwa mtu wa watu, na kwamba wageni wameshapita Kiwira.

"Anasema kweli," alisema mzee Alinanuswe. "Huyo alimzika nani? Mke wangu alipokufa alipita hapo hapo na ndizi zake, hata kofia hakuvua."

"Yote kweli," akasema Tupokigwe. Safari hii hakupaza sauti, na labda ndiyo maana wote walimgeukia. "Mimi msiba wa mume wangu alisema tunamzibia njia. Sasa amekufa. Bibi yule atachimba kaburi? Tukimwacha leo, kuanzia leo sisi wote ni Ezron."

Akageuka. Akaanza kushuka kwenda ng'ambo ya kijito, jembe begani. Alinanuswe alitema mate, akasonya, akamfuata. Wakafuata na wengine.

Meshaki alifungua daftari. "Anayeondoka namwandika!"

"Tuandike," mtu akasema, wala hakugeuka.

Akawaandika kweli. Nilichungulia. Juu ya ukurasa aliandika WATORO, chini yake majina, namba moja mpaka arobaini na moja.

Nilikaa na magunia yangu kama dakika kumi. Erasto alikuwa kwenye simu, anazunguka turubai, viatu vyake hatimaye vimeshika tope. Mwenyekiti alisema tungoje maelekezo. Maelekezo ya nini? Nilikunja khanga kiunoni nikashuka.

Nimemenya ndizi mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Wanaume walichimba kwa zamu. Alinanuswe ndiye aliyekaa shimoni muda mrefu kuliko wote, mpaka tukawa tunaona kofia tu, huku anamtukana marehemu kwa Kinyakyusa. Saa sita mvua ilirudi, kaburi likajaa maji, wakayachota kwa ndoo. Wanawake walileta kuni, chumvi, maharage, kila mtu na chake. Hakuna aliyelia isipokuwa dada yake. Lakini Ezron amezikwa na watu arobaini na zaidi, na mchungaji, na nyimbo mbili.

Niliporudi juu, wageni walikuwa wameshakuja na kuondoka. Walikuta wajumbe wa Bodi na mgambo sita. Erasto aliwavalisha mgambo vizibao vyangu akawapiga picha wameshika sepetu.

Saa: saba. Hizi ndizo za kwanza ninazoziandika bila kuona aibu.

Ijumaa, 11 Aprili

Wameyachukua majembe!

Jana waliokwenda kwa Ezron walikwenda na majembe yao, si walikuwa wanakuja barabarani? Baada ya maziko wakayaegesha chini ya upenu, yote pamoja, wakabaki kukaa na yule bibi. Asubuhi hii pikapu ya Bodi ikaja na mgambo wakayazoa kama kuni. Arobaini na moja. Yamefungiwa stoo ya ofisi ya Meshaki mpaka barabara ichimbwe. Itachimbwa kwa nini, kwa meno?

Nimezipata habari kwa Tupokigwe mwenyewe, kanipigia simu anapiga kelele mpaka Lulu kasikia kutoka jikoni. Nilimwacha apige.

Jumatatu, 14 Aprili

Erasto alikuja kibandani na taarifa imeshachapwa. Ninanakili hapa sehemu yake: "Wananchi 41 waligoma kujitolea kwa uchochezi wa Bi. Tupokigwe. Bodi inapendekeza majembe yaendelee kushikiliwa, na mchochezi afikishwe kwenye baraza ili iwe fundisho." Chini, mahali pa saini yangu.

"Kugoma kujitolea ndiyo nini, Erasto?" nilimwuliza. "Mtu anagomaje kutoa kilicho chake?"

"Mama Lulu, ni lugha ya ofisi tu."

"Na hao mgambo wa kwenye picha walijitolea? Wanalipwa."

Aliketi kwenye kigoda cha wateja. Alionekana mdogo ghafla. Alisema wageni walikuta viti vitupu, kwamba mkataba wake ni wa mwaka mmoja, kwamba asipopata wa kumlaumu atalaumiwa yeye. Kisha, bila kunitazama, akasema tenda ya vizibao vya wilaya itaamuliwa baada ya kikao cha tarehe 24, na hicho kibanda changu kiko kwenye eneo la halmashauri.

Nilimwambia aache karatasi niisome vizuri, maana nasoma polepole. Uongo mtupu, nasoma haraka kuliko yeye.

Lulu alisema nisaini. "Kila mtu anasaini, mama. Wewe nani?" Sijamjibu mpaka sasa. Nimemkasirikia, na nimekasirika kwa sababu nami nilijiuliza hivyo hivyo.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Sikusaini.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu ya wenzetu. Nimeshuka Ilolelo na kitabu hiki.

Maharage ya watu yana wiki nne sasa, ndio muda wa palizi, na magugu kwa mvua hii yanakua unayaona. Kijiji kina majembe machache yaliyobaki, yanazunguka nyumba hadi nyumba. Ukilipata leo unalirudia baada ya siku nne. Nimemkuta Tupokigwe amepiga magoti shambani, anang'oa kwa vidole na kipande cha panga. Amefika mstari wa tatu. Mistari yenyewe siioni mwisho.

"Yakizidiwa wiki hii na ijayo, basi," alisema. "Hayo maharage ndiyo chakula chetu na ndiyo sare za shule."

Nilitaka kusema pole. Akanikatiza: "Usinionee huruma, Biubwa. Kasirika."

Nikamwambia nimeshakasirika. Nikamwuliza tarehe kumi kila mtu alifanya nini, tangu asubuhi mpaka jioni. Alidhani nimechanganyikiwa. Kisha akanitembeza nyumba zote, magoti yake yamejaa udongo, anaamuru watu wanieleze. Wengine walisahau, wenzao wakawakumbusha. Mwezi uliopita nilisema mama huyu kanichosha. Nalifuta neno hilo.

Wito wa baraza ameshaupata. Ameuweka juu ya kabati chini ya kikombe, kikombe kimeuacha na duara la chai.

Saa: tisa.

Alhamisi, 24 Aprili

Kikao. Ukumbi umejaa, mgeni rasmi ni mama kutoka mkoani, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Ajenda ya tatu: Katibu asome taarifa ya Ilolelo. Erasto alikuwa ameniwekea mezani nakala yake, safi, na kalamu juu yake.

Nilisimama, nikaisukuma pembeni ile nakala, nikafungua kitabu hiki.

"Taarifa ya kujitolea, kijiji cha Ilolelo, tarehe 10 Aprili," nikasoma. "Waliojitokeza: wananchi arobaini na mmoja. Majina yamechukuliwa na Mtendaji mwenyewe. Moja, Tupokigwe: aliwaita wenzake, alipika. Mbili, Alinanuswe: alichimba kaburi kwa saa nne, hakupumzika. Tatu, mama Prisca: kuni mizigo miwili, na chumvi..."

"Katibu," Mwenyekiti alisema.

"Nne," nikaendelea.

Nilisoma wote. Mwenyekiti aliniita mara tatu, Erasto alinivuta khanga mara moja, nikaivuta nami. Nilipomaliza nilisema: "Hakuna aliyelipwa. Hakuna aliyepigwa picha. Bodi imewanyang'anya majembe, na huyo namba moja inataka kumpeleka barazani. Mimi taarifa ya kuwaita watoro siitii saini."

Mgeni alivaa miwani. "Huyo aliyezikwa alikuwa kiongozi?"

"Hapana."

"Alikuwa mtu wa kuheshimika?"

"Alikuwa mtu mbaya sana, mheshimiwa. Hakumsaidia mtu maisha yake yote." Watu walicheka.

"Sasa huo utumishi wao umemfaidia nini?"

"Amezikwa," nikasema.

Kicheko kiliisha. Mwenyekiti, ambaye siku hiyo hakusinzia hata kidogo, akasema hiyo ifutwe kwenye kumbukumbu. Nikamjibu kumbukumbu naziandika mimi, na kalamu yangu haina kifutio.

Mgeni alisema suala la baraza lisimame kwanza. Majembe, alisema, yafuate utaratibu. Akatazama saa, wakaenda kula.

Ijumaa, 25 Aprili

Barua imeletwa. "Umepumzishwa." Tenda amepewa mwingine. Kibanda bado kipo. Wakija kukivunja watanikuta ndani nashona.

Majembe bado yamefungiwa. Nilimpigia Tupokigwe kumwambia nimeshindwa. Akasema, "Nani kakuambia tumemaliza?"

Lulu ameisoma ile barua mara mbili, kisha akanisongea ugali bila kuulizwa.

Jumatano, 30 Aprili

Jana asubuhi muuza viazi sokoni aliniambia kengele ya Ilolelo imelia tena. Nikauliza nani. "Mama yake Meshaki."

Nilisimama pale na fungu la viazi mkononi. Moyo wangu ulisema: leo atajua. Nauandika jinsi ulivyosema, sijivunii. Kisha nikanunua kilo mbili za sukari, nikapanda bodaboda.

Nilidhani nitakuta uwanja mtupu. Nilikuta umejaa. Wote arobaini na mmoja walikuwepo, na wengine zaidi. Wanawake walishawasha moto mahali patatu. Wanaume walikuwa wamesimama mstari kando ya nyumba, mikono mitupu, wananyeshewa.

Meshaki alitoka ndani. Hakuwa na daftari. Alikuwa na soksi bila viatu, macho yamevimba. Aliwatazama watu, akatazama mikono yao, nikaona anaelewa.

Tupokigwe alimwendea. Aliishika mikono yake yote miwili. "Pole, mwanangu," alisema. "Mama yetu tunamlaza wapi?"

Akaonyesha nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Haya," akasema Tupokigwe. "Tuletee majembe."

Meshaki aliingia ndani, akatoka na ufunguo, akatembea na soksi zake katika tope mpaka ofisini. Wanaume walimfuata. Alifungua stoo akasimama pembeni, na kila mtu aliingia akatoka na lake. Jembe la mtu linajulikana kwa mpini. Wanawake nao walichukua yao. Alinanuswe alishuka shimoni wa kwanza, na safari hii hakutukana.

Tulimzika saa tisa. Mama huyo sikumjua, lakini nililia, labda kwa mengi.

Watu walipoanza kutawanyika simu ya Meshaki ikaita. Sauti ya Erasto ilikuwa inasikika mpaka tulipokaa: majembe yarudi stoo, au kila mmoja atie saini kwamba aligoma na ameomba radhi. Meshaki alikata simu. Akaagiza daftari, akaenda kusimama kwenye njia ya kutokea, kalamu mkononi, matone ya mvua yanaangukia ukurasa.

"Jamani," alisema. "Mratibu anasema mtie saini."

"Tia wewe," Tupokigwe akamjibu, kwa ile sauti yake ya kilima cha pili. "Sisi tuna palizi."

Alimpa mkono wa pole, akapita, jembe begani. Alinanuswe akampa mkono, akapita. Wakaja wengine mmoja mmoja, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyemruka. Kila mtu alisimama, akampa mkono, akamwambia pole, akaondoka na jembe lake.

Nilikuwa wa mwisho. Nilimpa mkono wangu, nikamwuliza ameandika wangapi.

Akasema hajaandika mtu.